Rangi inabambuka kila mkipaka? Geuza ganda uangalie mgongo wake

Swali: Habari fundi. Tulinunua fleti ya vyumba viwili Kahawa West, ghorofa ya tatu kati ya tano. Ukuta wa chumba chetu cha kulala unaopakana na bafu unabambuka rangi, kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno. Fundi wa kwanza alikwangua akapaka, ikarudi baada ya miezi michache. Wa pili akapiga skimu upya, akapaka rangi ghali ya kung'aa, na sasa inatoka vipande vikubwa kuliko mwanzo. Halafu kuna ukuta wa jipsamu tuliowekewa kugawa sebule ili mtoto apate chumba. Chini umevimba na kulainika, na kitasa cha mlango kimeutoboa tundu linaloingia ngumi. Safari hii nataka kufanya mwenyewe. Nianzie wapi, na ninunue rangi gani?

Jibu: Dada, rangi usinunue kwanza. Ukuta uliopakwa na mafundi wawili ukabambuka mara mbili palepale hauna ugonjwa wa rangi. Ama una maji ndani yake, ama kuna kitu kati ya plasta na rangi kinachoizuia rangi isishike. Dawa ya hili si dawa ya lile, na fundi anayeanza kukoroga rangi kabla ya kujua ni lipi anabahatisha kwa pesa zako. Jambo la kutia moyo ni kwamba ushahidi unao hapo hapo ukutani.

Tafuta kipande kipana kilichokwisha kuachia. Kishike ukingoni, kitoe polepole kisivunjike, kipeleke penye mwanga wa dirisha, kisha ukigeuze. Mgongo wa ganda hueleza mengi kuliko uso wake. Mgongo ukiwa laini na safi, na ukutani pamebaki rangi ya zamani inayong'aa, basi rangi ya maji ilipakwa juu ya rangi ya mafuta bila kuipiga msasa kwanza. Hapo maji hayahusiki. Mgongo ukiacha vumbi jeupe kidoleni, rangi ilipakwa juu ya skimu (ule mpako mwembamba wa kulainisha plasta) iliyopigwa msasa bila kufutwa, au juu ya chokaa ya zamani. Ganda likitoka na skimu yote, unene wa milimita moja au mbili, plasta ikabaki uchi, basi skimu yenyewe ndiyo iliyoachia, na mara nyingi kinachoiachisha ni maji. Na ukiona vinywele vyeupe vya chumvi vinavyometameta, na plasta chini yake inamumunyuka ukiikwaruza kwa ukucha, hakuna tena la kubishania: maji yanapita ndani ya ukuta huo na kuja kukaukia chumbani kwenu.

Ukuta wenyewe sijauona, lakini maelezo yako yananielekeza bafuni. Unapakana na bafu. Unaharibika kuanzia chini kwenda juu. Na kila ukifunikwa kwa kitu kigumu zaidi, unatoka vipande vikubwa zaidi. Hilo la mwisho lina sababu yake. Skimu nyingi za ndani zinazouzwa Nairobi zimetengenezwa kwa jipsamu, na jipsamu ikikaa na unyevu hulainika. Rangi ya kung'aa nayo hufanya utando mzito usiopitisha mvuke kwa urahisi kama rangi ya mati, ile isiyong'aa. Maji yaliyo ukutani yakitaka kutoka hayapati njia, yanajikusanya nyuma ya utando, yanalainisha skimu, na vyote viwili vinang'oka kwa pamoja. Fundi wa pili huenda alifanya kazi safi kabisa ya mkono. Aliifanya tu juu ya ukuta uliolowa.

Mtu akija kukuambia unyevu unapanda kutoka ardhini na kwamba utoboe ukuta uingize dawa, mshukuru umuage. Unyevu wa ardhini ni tatizo la kweli kwa nyumba za chini, hasa kule kwenye udongo mweusi wa pamba unaoshika maji wiki nzima baada ya mvua, na hasa pale wajenzi waliporuka karatasi ya kuzuia unyevu juu ya msingi. Lakini wewe uko ghorofa ya tatu, udongo uko mbali nawe. Kinachoweza kutokea kwako ni maji kupenya chini ya vigae vya bafu, kukaa kwenye mota (mchanganyiko wa simenti na mchanga ulio chini ya vigae), kisha kunywewa na ukuta na kupanda taratibu hadi kiunoni. Ukiangalia alama tu utadhani ni kile kile cha ardhini, kumbe chanzo ni sakafu ya bafu lenu wenyewe.

Kabla ya kubomoa chochote, fanya jaribio moja la bei ya chini sana. Kwangua sehemu moja yenye upana wa kama sentimita 50 hadi ufikie plasta, uifute vumbi. Kata kipande cha nailoni nzito inayoonyesha, sentimita 45 kwa 45, ukibandike hapo kwa tepu pande zote nne pasibaki mwanya. Kiache usiku kucha na asubuhi yake, angalau saa 16. Kisha kiangalie vizuri kabla ya kukitoa. Matone yakiwa upande wa ndani, kati ya nailoni na plasta, unyevu unatoka ukutani. Matone yakiwa upande wa nje, ule unaotazama chumba, basi ni hewa ya chumbani yenye mvuke inayokutana na ukuta baridi. Nairobi hilo la pili lipo sana kuanzia Juni hadi Agosti. Jua wakati huo liko kaskazini mwetu, kwa hivyo ukuta unaotazama kusini haupati jua la moja kwa moja kwa miezi kadhaa. Weka kabati kubwa mbele yake, ufunge madirisha kwa ajili ya baridi, na utapata madoa meusi ya kuvu nyuma ya kabati hata kama hakuna bomba linalovuja jengo zima. Dawa yake ni kusogeza kabati sentimita 10 kutoka ukutani na kufungua dirisha kila siku. Ila nitashangaa sana kama hilo ndilo lako.

Tuseme matone ni ya ndani. Sasa unatafuta maji yanakotoka, na hapa usiwe na haraka hata kidogo. Chukua penseli, uchore ukingo wa doa lilipofika leo, uandike tarehe pembeni. Mchoro huo ndio utakaokuambia jaribio lipi limeongeza maji, maana ukuta wa mawe haujibu papo hapo. Huchukua siku mbili tatu. Kama mna bafu lingine, mtumie hilo kwa muda huu wote.

Anza na mabomba ya maji safi. Usiku, kila mfereji ukiwa umefungwa na tangi la choo limejaa, soma mita yenu. Isome tena alfajiri kabla ya mtu yeyote kufungua maji. Ikiwa imesogea, kuna bomba linalovuja mahali. Kumbuka tu kwamba maji ya Nairobi huja kwa zamu, na kama jengo lenu linalishwa na tangi la juu, mabomba yenu yana maji hata siku ambazo za mtaani yamekauka. Kwa hivyo usidanganyike kwamba Jumanne hakukuwa na maji. Mita isiposogea, nenda kwenye maji machafu: mimina ndoo kadhaa moja kwa moja ndani ya tundu la kutolea maji, polepole, bila kulowesha sakafu wala kuta. Subiri, uangalie penseli. Siku nyingine lowesha sakafu peke yake. Siku nyingine elekeza bafu la mvua kwenye vigae vya ukuta, hasa pale mabomba yanapotokea na pale ukuta unapokutana na sakafu.

Na kuna msaada mmoja ambao watu husahau kabisa. Shuka ghorofa ya pili, ubishe hodi kwa jirani aliye chini yako, umwombe uangalie dari ya bafu lake. Kama sakafu yako inavuja, mara nyingi yeye ana doa la kahawia ambalo amekuwa akililaumu bomba lake mwenyewe. Ukimkuta na doa, umepata jibu, na umepata pia mtu atakayekuambia mara moja kama ukarabati umefaulu. Bomba likionekana kuwa ni lile la pamoja linaloshuka jengo zima, hilo si lako kulilipia peke yako. Peleka kwa usimamizi wa jengo kwa maandishi, na picha zenye tarehe.

Kurekebisha bafu kwenyewe nitakupitisha upesi, kwa sababu bomba la ndani ya ukuta na sakafu inayovuja ni kazi ya fundi wa mabomba, na hapo sikushauri ujaribu mwenyewe. Lakini mengine unaweza. Mahali sakafu inapokutana na ukuta pasijazwe grauti, ile ya kuzibia mianya kati ya vigae. Pale pana kutikisika kidogo na grauti hupasuka. Ikwangue yote, pakauke, ujaze silikoni ya bafu isiyoota kuvu. Kama ni sakafu nzima inayopitisha maji, vigae vitang'olewa, dawa ya kuzuia maji ipakwe mara mbili na ipande ukutani angalau sentimita 15, na upande wa kuogea ipande hadi juu ya kichwa. Mwambie fundi wako hivi, wala usione haya: kabla ya kurudisha kigae hata kimoja, zibeni tundu, mjaze sakafu maji, na yakae saa 24. Jirani wa chini awe na habari. Fundi anayekataa jaribio hilo usimkabidhi bafu lako.

Maji yakishazuiwa, rudi chumbani uvue ukuta nguo zote. Tandika turubai, vaa miwani na barakoa, kisha kwangua rangi na skimu yote iliyolegea, uendelee sentimita 30 kupita mahali panapoonekana pazima. Gonga plasta kwa mpini wa bisibisi, hatua kwa hatua. Inayolia kama kitu kitupu ndani imeachana na mawe, nayo itolewe. Chumvi ukiiona, iondoe kwa brashi kavu na uifagie iende nje. Usiioshe kwa maji, kwa sababu itayeyuka irudi ndani ya ukuta, kisha itoke tena ukuta ukikauka. Utaipiga brashi leo, baada ya wiki utaikuta tena, utaipiga tena, hadi ikome yenyewe.

Wenye nyumba za zamani wanaosoma hapa, naomba mnisikilize kwa hili. Sheria za viwango vya Kenya sasa zinataka rangi isizidi sehemu 90 za madini ya risasi katika milioni, lakini rangi iliyopakwa nyakati za nyuma haikubanwa hivyo, na ganda la zamani linaweza kuwa na risasi nyingi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Kwa hivyo rangi ya zamani usiipige msasa ikiwa kavu wala usiichome. Ilowanishe kwa chupa ya kunyunyizia, ikwangue ikiwa na unyevu, ukusanye maganda kwenye mfuko, ufute sakafu kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia. Watoto na mama mjamzito wasiwe ndani ya chumba hicho.

Sasa inakuja sehemu inayowashinda watu wengi, nayo ni kungoja. Wajenzi wana kipimo cha zamani cha kukadiria: ukuta uliolowa huchukua kama mwezi mmoja kukauka kwa kila sentimita mbili na nusu za unene. Ukuta wa ndani wa sentimita 15, wenye vigae upande wa pili, unakaukia upande mmoja tu, ule wa kwenu. Ukiwa umelowa hadi moyoni, hiyo ni miezi, si siku. Najua si jambo la kufurahisha kulala kando ya ukuta uliochunwa. Lakini huo ukuta uliochunwa ndio unaopona, na ule uliofunikwa haraka ndio uliokula pesa zenu mara mbili. Fungua madirisha mchana, weka feni iuelekee, usiusogezee kitanda. Tafadhali usilete jiko la makaa kuukausha. Moshi wake una kaboni monoksidi, huua watu wakiwa usingizini, na kila msimu wa baridi tunazisikia habari hizo. Jiko la mafuta ya taa au la gesi nalo hutoa mvuke wa maji likiwaka, kwa hivyo unaongeza kile unachojaribu kupunguza. Kila baada ya wiki mbili bandika nailoni yako tena. Siku itakapoamka kavu pande zote, ukuta umekubali.

Huku ukingoja, fanya ule wa jipsamu. Hiyo ndiyo kazi ya kujifunzia mkono.

Kuvimba kwa chini kuna chanzo ambacho naweza kukitaja nikiwa hapa nilipo: kupiga deki. Bodi ya jipsamu inatakiwa iinuliwe kama sentimita moja kutoka sakafuni, na pengo hilo lifichwe na ubao wa skatingi. Mafundi wenye haraka huikalisha juu ya vigae moja kwa moja. Kila asubuhi kitambaa cha deki kikipita, karatasi ya bodi inakunywa maji kwa chini na kuyapandisha. Jipsamu yenyewe ni madini yenye maji ndani ya fuwele zake, takriban asilimia 21 ya uzito, na ndiyo sababu huchelewesha moto: moto ukiipata, maji hayo hutoka kama mvuke na kuipoza. Lakini ikiloweshwa kutoka nje hulegea, na bodi iliyokwisha kuvimba na kulainika hairudi kuwa ngumu ya kutegemewa hata ikikauka. Usiipake kitu. Ikate uitoe.

Zima umeme kwenye swichi kuu kwanza, kwa kuwa nyaya hupitishwa ndani ya kuta hizi bila mpango maalumu. Bonyeza bodi kwa kidole gumba ukipanda juu hadi ufike inapokuwa ngumu, uongeze sentimita 10, hapo upige mstari mlalo kwa kutumia pima maji. Kata kwa kisu chenye wembe mpya, ukipita mara nyingi bila nguvu, usizidi unene wa bodi, ambao kwa kawaida ni milimita 12. Ukishatoa kipande, angalia fremu ya chuma. Kutu kidogo ipigwe msasa na kupakwa rangi ya kuzuia kutu. Ikiwa imelika, ibadilishwe. Angalia na uso wa pili wa ukuta, upande wa sebule, maana deki hupita pande zote mbili. Kuvu ikiwa imeota kwenye karatasi, usijaribu kuiosha. Kipande hicho nacho kitoke. Kwenye plasta ya simenti unaweza kuiosha kwa kikombe kimoja cha dawa ya klorini ya kung'arishia nguo katika lita 4 za maji, dirisha likiwa wazi, na kamwe usiichanganye na dawa ya choo yenye asidi, kwa kuwa hutoa gesi ya sumu.

Nunua bodi ile ya kijani inayostahimili unyevu, ya unene uleule. Kipande kipya kikate kikiwa kifupi kwa sentimita moja kuliko nafasi, ukiegemeze juu ya vijiti vya unene huo ili kisiguse sakafu, kisha ukifunge kwa skrubu za milimita 25 kila sentimita 20 hivi. Nyuma ya mshono mlalo, katikati ya nguzo na nguzo, weka vipande vya ubao vya kushikilia, la sivyo mshono utapasuka siku mtoto akiegemea. Skrubu izame kidogo tu chini ya uso wa karatasi. Ikiichana karatasi haishiki tena. Itoe, upige nyingine pembeni.

Tundu la kitasa lina utaratibu uleule kwa udogo. Usihangaike kulijaza gazeti na simenti nyeupe, kama ninavyoona kwenye nyumba nyingi. Litanue liwe mraba safi. Ingiza ndani kijiti cha ubao kirefu kuliko tundu kwa sentimita 5 kila upande, ukivute kwa kidole kigandame nyuma ya bodi, ukifunge kwa skrubu mbili zinazopita kwenye bodi nzima. Kata kiraka cha mraba kinachoingia bila kubanwa, ukifunge kwenye kijiti. Karatasi yoyote iliyochanika pembeni, ikionyesha ngozi ya kahawia, ikate kwa wembe hadi palipo imara, kisha uipake undakoti ya mafuta ikauke. Ukiiacha uchi, itakunywa maji ya fila (ule unga wa kujazia mishono, ukishakorogwa) na kutoa malengelenge, na utapiga msasa mpaka uchoke bila kupata uso laini.

Fila ndiyo inayotenganisha ukuta unaoonekana umetibiwa na ule usioonekana kabisa. Weka maji kwenye chombo kwanza, halafu mwagia unga wa fila juu yake, sio kinyume, ukoroge hadi ipate uzito wa mtindi. Koroga kidogo kidogo, na ikishaanza kuganda usiiongeze maji. Itupe, utengeneze nyingine. Bandika tepu ya wavu juu ya mishono yote. Mkono wa kwanza, yaani mpako wa kwanza, ni wa kujaza: sukuma fila ipite ndani ya matundu ya tepu, kisha pitisha skrepa pana mara moja, ndefu, ukiilaza karibu igusane na ukuta. Usirudie rudie, kila ukirudi unaacha mfereji. Ikikauka, kata matuta kwa ukingo wa skrepa, uweke mkono wa pili unaotoka nje zaidi ya wa kwanza, kama sentimita 20 kwa upana. Mkono wa tatu uwe mwepesi sana na ufike sentimita 30. Kwa kuwa kiraka huwa kimeinuka kidogo, unachofanya ni kuupandisha ukuta taratibu kukifikia, jicho lisipate pa kusimama. Piga msasa nambari 120, umalizie na 220, kwa mkono mwepesi, usiingie kwenye karatasi. Kisha zima taa, laza simu yako ubavuni mwa ukuta na uwashe tochi. Kila tuta na kila shimo litatoa kivuli. Zungushia kwa penseli, ujaze, upige tena.

Futa vumbi, paka praima ukuta mzima. Karatasi na fila havinywi rangi sawa, na bila praima viraka vyote vitaonekana vimepauka hata ukipaka mara nne. Rudisha skatingi, uweke mstari mwembamba wa silikoni chini yake, na sakafuni upige kizuizi cha mlango cha mpira. Cha bei ndogo kabisa, na bila hicho kitasa kitatoboa palepale. Kuhusu deki, kitambaa kikamuliwe vizuri kabla hakijafika ukuta ule, na yeyote anayewasaidia nyumbani aelezwe sababu yake, maana ni vigumu mtu kulinda kitu ambacho hajui kinaharibikaje.

Turudi chumba cha kulala siku nailoni itakapokuwa kavu. Palipotolewa plasta, lowesha mawe kidogo, upige plasta ya simenti moja kwa mchanga minne, mchanga uwe safi, maana mchanga wenye chumvi utakurudisha mwanzo. Inyunyizie maji kwa siku kadhaa ikomae, kisha iache kama wiki nne, zaidi ikiwa ni msimu wa baridi. Plasta mbichi ya simenti ni kali sana kwa kemia yake. Rangi ya mafuta ikipakwa juu yake, mafuta yale hugeuzwa kuwa aina ya sabuni, yakanata na kuachia. Kwa hivyo ukuta huu usiguswe na rangi ya mafuta, hata mtu akikuapia kwamba ndiyo inayozuia maji. Haizuii, inayafungia ndani.

Skimu iwe ya msingi wa simenti, ile inayoandikwa kwenye mfuko kuwa inafaa nje na sehemu zenye unyevu, nyembamba, mara mbili. Msasa, kitambaa chenye unyevu kidogo kufuta vumbi, halafu praima ya kustahimili alikali, yaani ule ukali wa simenti. Kama kuna doa la kahawia lililobaki juu, lipake praima ya kuzuia madoa peke yake kwanza, kwani rangi ya maji huyeyusha doa hilo na kulivuta juu kila unapopaka.

Na sasa swali lako la rangi. Nunua rangi ya maji ya mati, ya kampuni yoyote yenye alama ya ubora ya KEBS (Shirika la Viwango la Kenya) kwenye kopo. Mati hupumua kuliko ya kung'aa, kwa hivyo unyevu kidogo uliobaki utapata pa kutokea. Lita moja hufunika takriban mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, na ukuta wa mita tatu na nusu kwa mbili na nusu hauzidi mita za mraba 9, kwa hivyo mikono miwili ni kama lita mbili. Usipake kiraka. Paka ukuta mzima kona hadi kona, au utaona mpaka wake kila asubuhi ukiamka. Anza kwa brashi kwenye kona na pembezoni, kisha rola kabla brashi haijakauka. Asubuhi za Julai subiri jua lipande, rangi nyingi za maji hazishiki vizuri chini ya nyuzi 10.

Hesabu ya muda naiweka hivi, kwa kuwa umeniandikia Septemba mwanzoni. Nailoni na penseli, wiki hii na ijayo. Bafu, kabla ya mvua za vuli, ili mafundi wasipate kisingizio cha mvua. Jipsamu unaweza kuimaliza Oktoba, wikendi mbili tatu. Ukuta wa chumba cha kulala usiuahidi kwa Krismasi. Januari na Februari hewa ya Nairobi ni kavu na jua ni la kutosha. Kama nailoni itakuwa imekubali kufikia hapo, paka kabla masika haijaanza Machi.